Mibofyo ya Ukoo Mzima

Kuna watu nikiwakumbuka natamani kuuma meza. Wa kwanza ni yule aliyetangaza kwamba mtandaoni pesa zinaokotwa. Wa pili ni Mjomba wangu. Wa tatu ni mimi mwenyewe, lakini huyo nitamfikia taratibu, maana kujitukana vizuri ni kazi inayotaka maandalizi.

Habari yenyewe ni ya mama yangu mdogo. Mtaani kwetu hakuna anayemwita kwa jina. Wote wanamwita Fundi, na marehemu mumewe naye alimwita hivyo hivyo, hata wakigombana. Anatengeneza vyerehani. Nasema anatengeneza, hashoni. Ukimpelekea suruali akukunjie pindo, atakutazama kama umempelekea daktari wa meno akukate kucha.

Ameifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa katika chumba kimoja kinachotazama barabara, kati ya duka la fotokopi na kinyozi. Meza yake ya mbao imekunywa mafuta ya mashine mpaka imekuwa nyeusi. Juu yake kuna taa ya shingo ndefu, makopo ya maziwa yaliyojaa skrubu, na sumaku ya spika mbovu ya kuokotea sindano. Ukutani vyerehani vinasubiri zamu, kila kimoja kimefungwa kikaratasi kwa uzi, na ugonjwa wake umeandikwa kama wa mtu: "Anaruka nyuzi." "Anatafuna kitambaa." "Anapiga kelele akipanda mshono mnene." Na kuna sheria moja chumbani humo. Mashine haiambiwi imepona mpaka ishone shibiri moja kwenye kitambaa kinene, shibiri moja kwenye chepesi, na shibiri moja kwenye kile kinachoteleza. Hata mteja awe amesimama mlangoni anapiga miluzi ya haraka, atasubiri shibiri zote tatu.

Mwaka juzi vidole vyake vikaanza kugoma. Asubuhi vinakuwa vigumu kama vijiti, mchana vinalegea kidogo, jioni vinauma. Hospitali wakamwambia ni viungo, akapewa dawa ya kupunguza maumivu na ushauri wa kupumzisha mikono. Mwambie samaki apumzishe mapezi. Siku moja alidondosha skrubu ya bobini, ndogo kama punje ya mchele, mara tatu mfululizo. Mara ya tatu hakuiokota. Akakaa kwenye stuli, akanitazama.

"Nusu," akaniambia, "nina mwaka mmoja, pengine miwili. Baada ya hapo mikono hii ni ya kushikia kikombe tu. Sasa wewe uliyesomea mambo ya kuuza, niambie nitauza nini."

Nusu ndiyo mimi. Niliacha diploma ya masoko katikati, na ukoo wangu una huruma sana, haukunisahaulisha. Wengine huniita Nusu Diploma kwa kirefu wakiwa na wageni.

Nikamwambia utauza mdomo. Sikuwa natania. Fundi akifungua mashine huwa anaitukana kwa ufundi wa hali ya juu, na matusi yake yote yana ushahidi. "Gia ya plastiki! Aliyeiweka humu hana mama." "Hii inatangazwa inashona ngozi. Labda ngozi ya kitunguu." Nikaanza kuyaandika. Nikatengeneza ukurasa mtandaoni unaoeleza cherehani gani ununue, ipi uikimbie na kwa nini, na picha za matumbo ya mashine alizozifungua mwenyewe. Kisha tukaliandikia duka kubwa la vyerehani linalouza kwa mtandao. Wakakubali: kila atakayepitia kiungo chetu akanunua, Fundi atapata kamisheni. Masharti yalikuwa mawili. Ndani ya miezi mitatu ziuzwe mashine kumi, zikipungua mnaondolewa. Na mashine za kununua mwenyewe au kununuliwa na ndugu zako hazihesabiwi.

Kilichobaki kilikuwa kupata wasomaji. Ukurasa mzuri usiosomwa ni sawa na kuvaa suti ukalala. Kwa hiyo ikabidi tuweke matangazo kwenye mitandao ya kutafutia, yale ambayo mtu akiandika "cherehani nzuri ya kuanzia," wewe unatokea juu kabisa. Hapo nataka unisikilize vizuri, maana ndipo balaa lilipolala. Kutokea juu ni bure. Unapotozwa ni pale mtu anapobofya. Anunue asinunue, asome asisome, akibofya umekatwa.

Pesa ya kuanzia Fundi aliipata kwa kuuza mashine yake ya chuma ya kukanyaga, ile aliyojifunzia kazi. Ilikuwa imekaa pembeni mwa chumba miaka yote hiyo, imefunikwa kwa khanga, na hakuna mteja aliyeruhusiwa hata kuiwekea mkoba. Waliokuja kuichukua waliibeba wawili. Fundi hakutoka nje kutazama. Aliendelea kusugua sindano ambayo tayari ilikuwa inang'aa.

Kazi yangu ikawa kuchagua mtandao wa kutangazia. Nilikuwa na mitatu mezani. Wa kwanza nitauita Mkubwa, ule ambao dunia nzima ikitafuta kitu inakimbilia huko. Mbofyo mmoja kwa Mkubwa ni bei ya soda. Wa pili nitauita wa Ofisini, kwa sababu unakuja umo tayari ndani ya kompyuta za maofisini na wenye kompyuta hawajui kuutoa. Huo ni nusu soda. Wa tatu ulikuwa wa Bei Chee. Mbofyo mmoja, peremende moja.

"Bei Chee," nikasema, kifua mbele. "Hesabu haidanganyi, Mama Mdogo. Soda moja ni peremende kumi. Kwa pesa ile ile tunapata watu mara kumi."

"Watu au mibofyo?"

"Si kitu kimoja?"

Akanitazama juu ya miwani. "Ndiko walikofika kabla hujaacha, au hilo somo lilikuwa mwaka uliofuata?"

Akachukua chaki ya kuchorea vitambaa, akapiga mistari miwili ukutani, zikatoka safu tatu. Kinene, chepesi, kinachoteleza. Akasema tutaweka kiasi kidogo kile kile kwenye mitandao yote mitatu kwa wiki mbili, tangazo lile lile, maneno yale yale. Na kwenye ukurasa tutaweka namba yake ya simu, mtu akitaka kuuliza kabla ya kununua apige. Kila atakayepiga ataulizwa swali moja kwanza: umetuona wapi? Kisha alama moja ya chaki kwenye safu yake.

"Mimi nitahesabu watu wanaoongea," akasema. "Wewe hesabu mibofyo yako."

Nikahesabu. Siku ya nne Bei Chee ilikuwa imeleta mibofyo mia nne na nikataka tuchinje kuku. Safu yake ukutani ilikuwa tupu, nyeupe kama sahani ya mgeni aliyechelewa. Nikaingia ndani ya ripoti. Mibofyo ishirini ndani ya sekunde moja. Wote wamekaa kwenye ukurasa sekunde sifuri. Hakuna binadamu anayesoma kwa sekunde sifuri, hata mimi nilipokuwa chuo nilijitahidi kufika mbili. Zilikuwa programu zinabofyana zenyewe huko ziliko, na sisi tunazilipia chai.

Nilikasirika, nikaandika barua pepe yenye maneno makali kwa wenye mtandao huo. Wakanijibu kwa furaha kubwa: "Asante kwa kututhamini!" Nikajua nimejibiwa na binamu ya zile programu.

Fundi hakunicheka. Aliifuta safu ile kwa kiganja, akasema tu, "Umeona gia ya plastiki."

Wiki mbili zilipokwisha, Mkubwa alikuwa na alama tisa na wa Ofisini alikuwa na tatu. Wa Mkubwa walikuwa wengi na kelele zao: mmoja anataka cherehani ya kumpa mchumba, mwingine anauliza kama tunafundisha kushona, mwingine amepiga kuuliza tu kama yuko hewani. Lakini wawili walinunua. Wa Ofisini walikuwa wachache, wanaongea taratibu, wanauliza vipuri, wanauliza inadumu miaka mingapi. Mmoja alinunua. Tukakata shauri: sehemu kubwa ya pesa kwa Mkubwa, kidogo kwa wa Ofisini. Kila siku Mkubwa tukampa bajeti ya mibofyo ishirini na tano. Ikiisha, tangazo linalala mpaka kesho yake.

Mwezi wa kwanza ukaisha na mashine nne. Fundi akaanza kuimba akiwa kazini, wimbo mmoja usio na maneno ambao nilikuwa sijausikia tangu mumewe afariki. Nami nikavimba. Jumapili moja kukawa na kikao cha ukoo kwa Mjomba, kaka mkubwa wa Fundi, karani mstaafu wa shule, mtu ambaye hata glasi ya maji akikupa anasubiri uisainie. Fundi hakuja, mikono ilikuwa inauma. Nikasimama mimi, Nusu, mbele ya shangazi na binamu, nikaeleza mradi. Walikuwa wananisikiliza! Kwa mara ya kwanza tangu niache chuo hakuna aliyenikatiza kuniuliza lini narudi. Nikanogewa.

"Siri yote iko kwenye kubofya," nikawaambia. "Watu wakibofya sana, Fundi anapanda. Wasipobofya, anashuka."

Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu huu huu. Kuhusu kukatwa pesa sikusema, kwa sababu ingeharibu utamu wa hotuba.

Mwezi wa pili ukaanza vibaya. Simu zikakatika ghafla, kama mtu amefunga bomba. Siku nzima simu ya Fundi inalala mezani inatazama dari. Ripoti inasema mibofyo ishirini na tano, bajeti imekwisha, kila kitu sawa. Siku ya pili vilevile. Wiki tatu nzima vilevile. Ukutani safu ya Mkubwa ikasimama pale pale. Fundi akaacha kuimba.

"Ni washindani," nikasema. "Kuna duka linatuonea wivu, linabofya kutumalizia pesa. Nilisoma habari hizo."

"Ulisoma nusu," akasema. "Mashine ilikuwa inashona, sasa haishoni. Mimi huwa siulizi nani ana wivu. Nauliza nani ameigusa mara ya mwisho. Pesa inaisha saa ngapi?"

Nilikuwa sijawahi kutazama. Nikatazama. Inaanza kuliwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na ikifika saa moja na robo imekwisha. Kila siku. Wanunuzi wenyewe wanaamka, wanakunywa chai, wanafika kazini, wanatafuta cherehani, sisi hatupo. Na hawa wa alfajiri sio programu. Wanatumia simu za kawaida, wanakaa kwenye ukurasa sekunde saba hadi kumi kila mmoja, kama mtu aliyeingia, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akatoka.

"Hawa ni watu," Fundi akasema. "Na ni watu wenye ratiba. Nani huyo anayenunua cherehani kila siku kabla ya kupiga mswaki?"

Kesho yake, saa moja kasoro asubuhi, nikaenda kwa Mjomba kumrudishia mwavuli wake niliouazima. Nikamkuta kwenye kochi, miwani imeshuka puani, kidole kimoja kimenyooka juu ya simu kama anataka kumtoboa mtu jicho.

"Karibu, Nusu! Umenikuta kazini. Ngoja nimalize wajibu." Akabofya. Akasubiri. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akatoka.

Damu ikanishuka mpaka kwenye soksi.

"Mjomba, unafanya nini?"

"Namwinua mdogo wangu. Huoni kwenye kundi?"

Kundi. Kundi la ukoo kwenye simu, ambalo mimi na Fundi tuliliziba mdomo mwaka mzima uliopita kwa sababu ya picha za maua zilizoandikwa "Asubuhi njema." Nikalifungua. Jumbe elfu moja na ushee. Nikapanda juu mpaka kwenye tarehe ya kile kikao. Mjomba alikuwa ameandika: "Ndugu zangu, kama alivyoeleza kijana wetu, Fundi anapanda kwa kubofywa. Naomba kila mmoja wetu, kabla ya chai, atafute cherehani mtandaoni, alione tangazo lake, alibofye mara moja. Asiye na bando aazime kwa jirani. Tusimwangushe." Chini yake, kila asubuhi, orodha. Shangazi: nimebofya. Binamu: nimebofya. Mke wa binamu: nimebofya na mama naye nimembofyea. Na Mjomba, karani hadi kaburini, anaandika mwisho: "Leo tumefika ishirini na tano. Waliokosa watoe sababu."

Sijui niliondokaje pale. Najua tu nilirudi na mwavuli.

Nilipomwonyesha Fundi, alisoma akipandisha jumbe kwa kidole kinachouma. Alisoma zote. Kisha akavua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka mezani, akatoka. Nikamfuata nyuma kama mkia.

Mjomba alimpokea kwa tabasamu la mtu anayesubiri kushukuriwa.

"Fundi! Karibu, mdogo wangu. Tunapanda au hatupandi?"

"Kaka, kila unapobofya mimi nakatwa pesa."

"Hapana."

"Nakatwa, Kaka."

"Kubofya hakuna pesa. Mimi nabofya kwa bando langu mwenyewe. Labda hujaelewa, muulize kijana."

"Kijana ndiye aliyekwambia ujinga huo. Naye nitafika kwake." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na ndicho kilichonitisha. "Niliuza mashine yangu, Kaka. Ile ya chuma. Unaikumbuka? Uliibeba wewe mwenyewe siku naanza kazi. Nimeiuza ili nilipie watu wanaotafuta kununua. Nyie mmekaa hapa kila asubuhi mnaibofya. Gurudumu, pedeli, mkono, yote. Mmeibofya mashine yangu mpaka imekwisha."

 Mjomba akafanya kile ambacho watu wazima wa kwetu hufanya wakikosea: akakasirika yeye.

"Yaani ukoo mzima unaamka kukusaidia, halafu shukrani yako ni kuja kunifokea nyumbani kwangu? Hata maji hujanywa?"

"Uliniuliza?"

"Nini?"

"Kabla ya kunisaidia. Uliniuliza mara ngapi? Hatua kumi kutoka hapa mpaka kwangu ni nyingi? Una namba yangu. Una miguu. Watu ishirini na tano, Kaka, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza, Fundi, hii kazi inakwendaje? Mmeona rahisi kunibofya kuliko kunitembelea."

 Mjomba akatazama simu yake, akatazama zulia. Mwisho akasema kwa sauti ya ofisini, "Nitatoa tangazo wasitishe."

Na akalitoa. Nalikumbuka neno kwa neno, kwa sababu nimelisoma mara nyingi kwa hasira: "Ndugu zangu, kuanzia sasa HAKUNA KUBOFYA. Kubofya kunamkata Fundi pesa. Yeyote asibofye tangazo lile." Kwa herufi kubwa kabisa. Ukoo mzima ukashtuka. Na kwa kuwa ni ukoo wa watu makini wanaopenda kuhakikisha, alfajiri iliyofuata, tangazo lilipoamka, kila mmoja akaingia kutazama ni tangazo lipi hasa lisilotakiwa kubofywa. Waliingiaje? Wakalitafuta. Wakaliona. Wakalibofya ili wawe na uhakika kwamba ndilo. Shangazi alilibofya mara nne, kisha akaandika kwenye kundi: "Ni lile lenye picha ya mashine ya bluu, nimethibitisha, msilibofye." Waliokuwa hawajaiona picha ya bluu wakaenda kuitazama.

Kesho yake asubuhi Mkubwa akatuma ujumbe: akaunti imefungwa kwa sababu ya mibofyo isiyo ya kawaida. Nikakata rufaa. Wakajibu kwamba uamuzi ni wa mwisho. Nikaandika tena nikieleza kwamba huo haukuwa udanganyifu, ulikuwa upendo. Hawakuwa na kisanduku cha kuchagua cha sababu hiyo.

Zilibaki wiki nne, mashine tano tu zilizouzwa, na pesa kiduchu. Nikamwambia Fundi tujaribu kufungua akaunti nyingine kwa Mkubwa kwa jina langu. Nilikuwa na hasira za kulipiza, na nilitaka kufuta kosa langu haraka.

"Hapana," akasema. "Twende wa Ofisini. Pesa yote iliyobaki."

"Mama Mdogo, huko hakuna watu!"

"Huko hakuna ndugu zangu." Akanyoosha chaki ukutani. "Tena tazama. Huyu kaleta simu chache, lakini kila anayepiga anajua anachotaka. Na wewe, hebu niambie. Nani anatumia kompyuta ya ofisi ambayo hawezi hata kubadilisha mtandao wa kutafutia?"

Nikafikiri. "Watu wa maofisini ambao kompyuta si zao. Makarani. Wahasibu. Watu wa manunuzi."

"Hao wananunua cherehani moja?"

 Jibu lilikuwa limeandikwa ukutani wiki nane na mimi nilikuwa natazama wingi.

Tukabadilisha maneno ya tangazo, tukalenga vyerehani vya shule, vya vyuo, vya karakana, saa za kazi peke yake. Siku zikapita. Simu mbili. Moja. Hakuna. Moja. Ikauzwa mashine ya sita. Mjomba akaanza kuja chumbani kila mchana, anakaa kwenye stuli ya wateja, anaokota sindano kwa ile sumaku. Fundi hakumfukuza na hakumkaribisha. Zilipobaki siku tatu, akakohoa.

"Mdogo wangu, nimeuza ile friji ya zamani. Ninunue mimi mashine nne, zitimie kumi. Kimya kimya."

"Ndugu hawahesabiwi, Kaka."

"Nitatumia jina la mke wangu."

"Kaka!" Bisibisi ikagonga meza. "Usinisaidie! Umenisikia? Kaa hapo, okota sindano, nakushukuru kwa sindano. Lakini usinisaidie bila kuniuliza, na nikikwambia hapana usiende kutafuta mlango wa nyuma!"

Mjomba akainamisha kichwa. Akaokota sindano.

Siku moja kabla ya ile ya mwisho, simu ikalia. Fundi akafuta mikono.

"Umetuona wapi?"

Alikuwa karani wa manunuzi wa chuo cha ufundi. Ametafuta kwenye kompyuta ya ofisi. Anataka mashine sita za wanafunzi, zile kubwa za bei ya juu, bosi wake amezipenda kwenye picha, na fomu ya kuagiza iko mbele yake tayari. Niliruka bila sauti. Sita na sita! Nikamwonyesha Fundi vidole vyote nilivyonavyo.

"Zile usinunue," Fundi akasema kwenye simu.

Nilikaa chini. Kwa kweli nilianguka, ila stuli ilikuwa karibu.

"Zinafaa mtu mmoja mwenye mkono mwepesi," akaendelea. "Wanafunzi watakanyaga kama wanaendesha baiskeli. Nimefungua tatu za aina hiyo mwaka huu, zote zimevunjika mahali pamoja. Chukua ile ya chini yake. Sura mbaya, bei nusu, chuma kitupu ndani."

Karani akasema inabidi amuulize bosi. Akakata.

"Kwa nini?" Nilikuwa napiga kelele, sifichi. "Siku moja imebaki! Mwache anunue, zikivunjika atakuletea utengeneze!"

"Kwa mikono ipi?" Akaniwekea vidole vyake mbele ya uso, vimepinda kama kulabu. "Ukurasa huu ni mdomo wangu, Nusu. Ndicho kitu pekee kitakachobaki nikiwa siwezi kushika skrubu. Ukiuza uongo mara moja, ndiyo gia ya plastiki. Utasikia inavunjika, na hakuna atakayenipigia tena kuniuliza."

Usiku ule nilikuwa na hasira na kila kitu chenye pumzi. Kesho yake asubuhi hakuna simu. Mchana hakuna. Saa kumi kasoro jioni, ripoti ya duka ikabadilika mbele ya macho yangu: mashine sita, aina ile ya chini, sura mbaya, chuma kitupu. Zimepitia kiungo chetu. Kumi na mbili.

Fundi alisoma namba ile, akashusha pumzi ndefu, akachukua chaki akapiga alama sita kwenye safu ya wa Ofisini, moja moja, polepole, kwa mkono wote kwa sababu vidole vilikuwa vimegoma. Mjomba alikuwa pale pale kwenye stuli. Alitoa simu yake, akaandika kitu kwa kidole kimoja.

Simu yangu ikalia. Kundi la ukoo.

"Ndugu zangu, Fundi amefaulu! Mashine kumi na mbili! Nawapongeza wote kwa juhudi zenu za kila asubuhi. Hayo ndiyo matunda ya umoja."

Shangazi akajibu papo hapo: "Tulibofya, hatukubofya bure."

Fundi alisoma juu ya bega langu. Akachukua simu yake mwenyewe, akabonyeza mara mbili. Kwenye kundi ukatokea mstari mdogo wa kijivu: Fundi ameondoka.

Dakika mbili baadaye: Mjomba amemwongeza Fundi.

Mjomba alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwake, simu bado mkononi.

"Uliniuliza?" Fundi akamwambia.

Mzee akamtazama, akamtazama tena, akaweka simu mfukoni kama kijana aliyekamatwa na sigara.

"Basi nauliza sasa: nikuache humo au nikutoe?" akasema.

Fundi hakupata nafasi ya kumjibu, kwa sababu simu yake ilianza kulia mezani. Akafuta mafuta kwenye aproni, akaipokea, akashika chaki kwa mkono mwingine, akaelekea ukutani.

"Hujambo, ndugu yangu. Kabla hujaniambia shida yako, umetuona wapi?"